Blanketi la Farasi: la Bandani na la Malishoni

Katika mwaka wa 2016 wataalamu wa Norway, miongoni mwao Cecilie Mejdell wa Taasisi ya Tiba ya Mifugo ya nchi hiyo, walitangaza matokeo ya jaribio ambalo kwa rai yangu limekata shauri kubwa la wafuga farasi wa nchi za baridi, yaani farasi avishwe blanketi lini, na avishwe lipi. Waliwauliza farasi wenyewe. Farasi 23 walifunzwa, kwa tuzo ya vipande vya karoti, maana ya vibao vitatu: chenye mstari uliolala kilitaka blanketi livishwe, chenye mstari uliosimama kilitaka livuliwe, na kilicho kitupu kilitaka mambo yaachwe kama yalivyo, na kabla wiki mbili hazijapita wote walikuwa wakikigusa kwa pua kibao walichokihiari. Siku za mvua, upepo na baridi waliomba nguo. Siku za hali njema waliikataa.

Sababu imo katika maumbile ya farasi. Manyoya ya farasi husimama penye baridi, yakashika hewa baina yao na ngozi, na hewa hiyo ndiyo kinga. Fauka ya hayo, nyasi kavu azilazo huchachuka katika utumbo wake mpana na kumpa joto la ndani. Kwa hivyo nyuzi 5 za selsiasi, ambazo humtetemesha saisi wake, yeye aghalabu hazimdhuru, maadamu ni mkavu. Mvua ikisha kuyalaza manyoya, na upepo ukapita juu yake, kinga ile huvunjika. Na blanketi zito lisilo na haja huyalaza vile vile.

Hapo ndipo blanketi la malishoni linapotengana na la bandani. La malishoni sharti lizuie maji huku likiruhusu mvuke wa jasho kutoka, liwe na nafasi mabegani ili mnyama apate kukimbia, kanda za kulishika nyuma lisipeperuke, na kipande cha kufunika mzizi wa mkia. Zamani Uingereza walitumia turubali zito lililotiwa sufu ndani; siku hizi ni nailoni au poliesta, ambayo unene wa nyuzi zake hupimwa kwa denia, 600 kwa farasi mtulivu, 1200 na kuzidi kwa yule arukaye nyua na kugombana na wenziwe. Wanunuzi wengi huidhania denia kuwa kipimo cha joto, ilhali joto huonyeshwa na gramu za ujazo kwa mita ya mraba, tangu sufuri hata 300 na zaidi. Hivyo yamkini blanketi likawa gumu mno na lisipashe joto hata kidogo.

La bandani halina haja ya kuzuia maji, maana paa lipo. Likitolewa mvuani hunywa maji, likamlemea farasi na kumzidishia baridi ambayo lau angaliachwa uchi asingaliipata. Haja yake hasa ni kwa farasi aliyenyolewa manyoya ili asitote jasho kazini, kwa mzee, na kwa aliyekonda.

Kipimo huchukuliwa kwa utepe tangu katikati ya kifua, kupita ubavuni, hata mwisho wa paja. Likibana, manyoya hunyonyoka mabegani na penye kinundu cha mgongo. Likipwaya, huteleza likamnasa miguu. Na kila siku livuliwe, ngozi itazamwe, kisha mkono utiwe chini yake nyuma ya bega: pakiwa na unyevu wa jasho, limezidi uzito. Masikio yasitegemewe, kwani huweza kuwa baridi ilhali mwili una joto.

Mwenye fedha za blanketi moja tu na anunue la malishoni, jepesi, lisilopenya maji. La bandani lingoje mpaka siku atakapomnyoa farasi wake.