Daraja la Mungu na sisi waandishi wa "maajabu"

Nimesoma makala nyingi za Kiswahili kuhusu Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba juu ya mto Kiwira, Rungwe. Karibu zote zinaimba wimbo mmoja: maajabu, kazi ya Muumba, wageni karibuni. Basi.

Na moja ni yangu. Nilipomsomea mama mkubwa hapa Mbugani, Kyela, akaniuliza, "Mwanangu, ulifika au uliona picha?"

Nilifika, tena nilipanda kosta hadi Tukuyu, nikatetemeka kwa baridi, nikakanyaga lava iliyoganda huku maji yakinguruma chini. Kwenye makala hata hiyo baridi haimo.

Kinachoniudhi zaidi ni jina. Tunaandika "Mungu" tunapita. Kwa Kinyakyusa ni Kyala, na Monica Wilson, kwenye Communal Rituals of the Nyakyusa (1959), anamweka Kyala pamoja na Lwembe, mashujaa wa kale waliotambikiwa. Wamisionari ndio waliolichukua jina. Unaweza kumkatalia, lakini miaka ya 1930 yeye alikaa na wazee akawauliza. Mimi pale darajani niliulizia kiingilio tu, na mzee aliyekuwa anauza ndizi pembeni sikumsemesha.