Malkia Wote: Uhakiki wa Lugha ya Ligi Kuu ya Wanawake

Wako wanaodhani kwamba istilahi huzaliwa mezani tu, wataalamu wanapokutana na kamusi mikononi. Ukweli ni kwamba nyingi kati ya zile zinazodumu zimezaliwa mahali penye kelele: sokoni, bandarini, katika karakana na katika viwanja vya mpira. Mpira wa miguu uliingia nchini ukiwa na lugha yake ya kigeni. Wananchi, pasipo kuitishiwa mkutano wowote, walichukua maneno waliyoyahitaji, na mahali pengine wakatunga ya kwao. Leo mtangazaji anaweza kusimulia mchezo wa dakika 90, mwanzo hadi mwisho, kwa Kiswahili kinachoeleweka Tanga na Bukoba sawasawa.

Katika makala haya tunakusudia kuipima lugha hiyo kwa Ligi Kuu ya Wanawake, iliyoanza na msimu wa 2016/17. Tutaitazama hasa kutoka Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria, kwa sababu sehemu hii imeipa ligi hiyo timu tangu mwanzo. Hoja yetu ni moja. Maneno ya mchezo wenyewe, kama yalivyo katika Kiswahili, yanamtendea haki mwanamke anayecheza. Kasoro imo katika majina na vivumishi tulivyoyabandika juu yake. Nayo si kasoro ya adabu tu, bali mara nyingine ni kasoro ya ukweli.

Lugha iliyokuwa tayari

Sarufi ya Kiswahili haitenganishi wanaume na wanawake. Mchezaji, nahodha, kiungo, mshambuliaji, mlinda mlango na mwamuzi wote huchukua upatanisho mmoja. Anayefunga amefunga, kitenzi hakiulizi kama ni Juma au ni Asha. Kwa hiyo ligi ya wanawake ilipoanzishwa, hapakuwa na haja ya kuunda hata istilahi moja mpya kwa ajili ya kazi za uwanjani.

Lugha nyingine hazikuwa na bahati hiyo. Waingereza walimwita msaidizi wa mwamuzi kwa neno lenye maana ya mwanamume wa mstari, na ilibidi sheria za mchezo zibadilishwe mwaka 1996 ili apewe jina lisilotaja jinsia. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kumwita mshika kibendera, yaani mtu yeyote anayeshika kibendera. Kadhalika, ulinzi ambao Waingereza huusema kwa neno la mwanaume kwa mwanaume, sisi tunasema mtu kwa mtu. Jonesia Rukyaa, mwamuzi kutoka mkoani Kagera, alipochezesha mchezo wa Yanga na Simba wanaume mwezi Februari 2016, neno mwamuzi lilimtosha kabisa. Walioongeza neno la pili waliliongeza kwa mshangao wao, si kwa upungufu wa lugha.

Safari ya msimu

Tukiufuata msimu wenyewe hatua kwa hatua, tunaona utajiri uleule. Neno msimu lina asili ya Kiarabu, nalo lilifika pwani pamoja na pepo za kaskazi na kusi zilizoendesha majahazi. Mkazi wa Misungwi hangojei kusi ili asafiri, lakini neno limemfikia na analitumia kwa mashindano yanayoanza mwaka mmoja na kumalizika mwaka unaofuata. Hivyo ndivyo neno linavyokua: linabaki na wazo la kipindi chenye mwanzo na mwisho, na kuiacha bahari nyuma.

Tuchukue pia nyumbani na ugenini. Timu inayotoka Dar es Salaam kwa barabara kuja Mwanza husafiri zaidi ya kilomita 1,000. Karibu na mwisho wa safari hufika njia panda ya Usagara, wilayani Misungwi, ambako njia moja huingia jijini na nyingine huelekea Kigongo, na kuvuka kwenda Sengerema na Geita kwa daraja lililofunguliwa Juni 2025. Timu hiyo iko ugenini: imekuwa mgeni, na mgeni ana heshima yake na shida zake. Yafaa tulitazame vizuri zaidi neno nyumbani. Kwa miaka mingi mwanamke aliambiwa kwamba mahali pake ni nyumbani, na maana ilikuwa jikoni. Katika ratiba ya ligi, nyumbani kwa mchezaji wa Mwanza ni uwanja wa Nyamagana, mbele ya watu wake. Neno ni lilelile, ila mipaka ya nyumba imepanuka.

Kisha kuna kiporo. Chakula kilicholala ni kiporo. Na mchezo ulioahirishwa nao ni kiporo. Timu iliyo chini katika msimamo lakini ina viporo viwili bado ina akiba chunguni. Hatujui istilahi ya kigeni inayolieleza jambo hili kwa ufupi na ladha kama hiyo. Jina la Nane Bora, lililowahi kutumika kwa hatua ya mwisho ya ligi, lilikuwa fupi, wazi na la Kiswahili. Waliounda maneno haya wanastahili sifa, ingawa hatujui ni akina nani.

Malkia wasio na idadi

Tunapofika kwenye majina ya timu, hali inabadilika. Tuchukue orodha ya mabingwa. Mlandizi Queens walitwaa ubingwa wa 2016/17. JKT Queens waliutwaa 2017/18 na 2018/19. Simba Queens waliutwaa mara tatu mfululizo, kuanzia 2019/20 hadi 2021/22. JKT Queens wakaurudisha 2022/23, Simba Queens wakauchukua 2023/24, na JKT Queens tena 2024/25. Katika misimu tisa, bingwa amekuwa malkia kila mara, na kwa Kiingereza. Tukiongeza Bunda Queens kutoka mkoani Mara na wengine wengi, tunapata msimamo wa ligi ambao sehemu kubwa yake ni neno moja lililorudiwa.

Kanuni ya kwanza ya istilahi ni kwamba neno litofautishe kitu kimoja na kingine. Neno linalobandikwa kwa kila kitu halitofautishi chochote. Wanaolitetea husema kwamba linaitenga timu ya wanawake na ile ya wanaume katika klabu moja. Hoja hiyo ina uzito kwa Simba au JKT. Hata hivyo, Simba Wanawake lingeifanya kazi hiyo bila ya taji. Isitoshe, ndani ya ligi ya wanawake hakuna timu ya wanaume ya kutengwa nayo.

Historia nayo inalifanya jambo hili liwe la ajabu zaidi. Klabu ya Simba ilipoanzishwa mwaka 1936 iliitwa Queens, na waliocheza walikuwa wanaume. Hakuna aliyewadhania kuwa wanawake. Lilikuwa jina la heshima kwa utawala wa wakati ule. Baadaye klabu iliitwa Sunderland, na mwaka 1971, wakati majina ya kigeni yalipokuwa yakiachwa, ikachagua Simba. Jina ambalo wanaume walilivua limetolewa sandukuni na kuvishwa wanawake. Kadhalika, JKT ni Jeshi la Kujenga Taifa, chombo cha Jamhuri. Tanganyika iliacha kuwa na Malkia wa Uingereza kama mkuu wake ilipokuwa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Ni vigumu kueleza malkia wa jeshi la jamhuri anatawala nini.

Sisi wa mwambao wa Ziwa tuna sababu ya ziada ya kulifikiri jambo hili. Ziwa letu, ambalo wenyeji waliliita Nyanza, lilipewa jina la malkia na John Hanning Speke, aliyelifikia karibu na Mwanza mwezi Agosti 1858. Katika msimu wa kwanza wa ligi Kagera iliwakilishwa na timu iliyoitwa Victoria Queens: malkia mara mbili katika jina moja, na Kagera haimo.

Jina la Alliance Girls ya Mwanza lina sababu ya kueleweka, kwa kuwa timu hiyo imetokana na shule. Lakini timu ya wanaume ya asili hiyohiyo, iliyocheza Ligi Kuu mwaka 2018/19 na 2019/20, iliitwa Alliance tu. Haikuitwa ya wavulana. Mchezaji wa kike anaweza kuwa mtu mzima, mwenye mkataba na mtoto, akabaki msichana kwenye karatasi ya msimamo.

Kivumishi kinachopunguza

Kundi la pili la kasoro limo katika vivumishi. Baadhi ya magazeti husema soka la wanawake. Mengine husema soka la kike. Vifungu hivi viwili havilingani. Cha kwanza kinataja wachezaji; cha pili kinataja aina ya mchezo, kana kwamba kuna mpira mwingine wenye sheria nyingine. Wazee wa pwani waliuita mkono wa kulia mkono wa kuume, na wa kushoto mkono wa kike. Humo mna mizani ya zamani: wenye nguvu ni wa mwanamume, na dhaifu ni wa mwanamke. Anayesema soka la kike huenda hana nia hiyo, lakini lugha inayo kumbukumbu ndefu kuliko msemaji. Na tukumbuke kwamba uwanjani mguu wa kushoto ni mali.

Majina ya utani nayo yana somo. Mwanahamisi Omari, mmoja wa wachezaji mashuhuri wa Twiga Stars, alijulikana kwa jina la Gaucho, lililotokana na Ronaldinho. Esther Chabruma alijulikana kwa jina la Lunyamila, winga maarufu wa Yanga na Taifa Stars. Waliowaita hivyo walikusudia kuwasifu, nasi hatuwakatazi mashabiki furaha yao. Lakini sifa ya namna hiyo humfanya mwanamke kuwa nakala. Siku msichana wa Nyamagana atakapopewa jina la utani la Chabruma kwa sababu ya mbio zake, tutajua kwamba lugha imehesabu misimu hii.

Hata timu za Taifa hazikuepuka mizani hiyo. Ya wanaume ni Taifa Stars. Ya wanawake ni Twiga Stars. Twiga ni mnyama wetu wa fahari, lakini katika mgawanyo huo neno Taifa limekwenda upande mmoja. Kenya nayo ina Harambee Stars kwa wanaume na Harambee Starlets, yaani vinyota, kwa wanawake.

Neno linapokosea ukweli

Hapa ndipo hoja yetu ilipo. Katika habari za kila siku, Ligi Kuu bila nyongeza ni ya wanaume, na ya wanawake lazima iongezewe neno. Vivyo hivyo kwa Kombe la Dunia na Ligi ya Mabingwa. Mwaka 2022 Serengeti Girls, wenye umri chini ya miaka 17, walicheza Kombe la Dunia nchini India. Waliifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1, wakatoka sare ya 1 kwa 1 na Kanada, na kufika robo fainali. Mwaka huohuo Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake nchini Moroko. Baada ya hapo, mtu anayeandika kwamba hakuna timu ya mpira wa miguu ya Tanzania iliyowahi kufika Kombe la Dunia haandiki kwa mkato tu, anaandika uwongo. Ameuandika kwa sababu katika lugha yake neno Tanzania, bila nyongeza, lilikuwa na maana ya wanaume. Mtoto wa shule atakayeisoma habari hiyo miaka 30 ijayo hatakuwa na njia ya kujua kilichoachwa.

Mapendekezo

Kwanza, panapotajwa ligi zote mbili, zote zipewe nyongeza: Ligi Kuu ya Wanaume na Ligi Kuu ya Wanawake. Pili, soka la kike liachwe, na soka la wanawake litumike pale tu panapohitajika; anayefunga aitwe mfungaji. Tatu, kila timu iwe na jina moja lisilobadilika katika usajili, ratiba, msimamo na magazeti, na jina la mdhamini wa ligi liongezwe pembeni bila kulifuta jina la ligi, kwa kuwa wadhamini hupita na kumbukumbu hubaki.

Nne, timu mpya zijitafutie majina ya kwao. Mwanza haina upungufu. Klabu ya Pamba ilichukua jina la zao lililoijenga sehemu hii. Vyama vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, vimeshindana kizazi baada ya kizazi kwa majina yao wenyewe. Samaki, visiwa, mawe na pepo za Ziwa vyote vina majina yanayongoja.

Hatupendekezi kwamba majina ya sasa yafutwe kwa amri. Ubingwa umekwisha patikana kwa majina hayo, na ni ya wachezaji walioyavujia jasho. Tunachoomba ni uangalifu kwa yajayo. Watangazaji, makatibu wa vyama vya mpira vya mikoa na walimu wa michezo wanakaribishwa kutuletea maneno yanayotumika katika viwanja vyao, hasa yale ambayo bado hayajaingia kamusini, pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika.