Padri Mpelelezi na Jela ya Lokitaung

Riwaya ya upelelezi ya Kikristo, yaani ile ambayo uhalifu hufumbuliwa ndani yake kwa akili inayoongozwa na imani, na ambayo mara nyingi huwekwa katika kipindi halisi cha historia, ni kazi ya ufundi inayodai subira ya pande mbili: mwandishi hana budi kuficha bila kudanganya, na msomaji hana budi kukumbuka kila alichoonyeshwa. Mtu wa Lopur, huko Turkana nchini Kenya, aliyekulia kati ya wachungaji wanaosoma nyayo za mifugo iliyoibwa na kueleza ilipita lini na ikielekea wapi, huitambua starehe hiyo upesi, kwa kuwa fundi wa mafumbo huziacha nyayo zote mchangani na hana ruhusa ya kuufuta hata mmoja.

Ubingwa huo unaonekana kwa G. K. Chesterton, ambaye mwaka 1911 alitoa mkusanyo wa kwanza wa hadithi za Father Brown, padri mfupi anayedhaniwa mjinga, kumbe miaka ya kusikiliza kitubio, yaani sakramenti ambayo mwumini huungama dhambi zake kwa padri, imemjulisha uovu kuliko askari yeyote. Katika hadithi ya kwanza mwizi Flambeau amejivika mavazi ya upadri, na Father Brown anapata hakika ya uongo wake kwa kuwa, walipokuwa wakizungumza habari za mbinguni, mwizi huyo aliishambulia akili, jambo ambalo teolojia, yaani elimu ya mambo ya Mungu, haimruhusu padri wa kweli kulifanya. Kidokezo chenyewe ni fundisho la dini, na likiondolewa hadithi haisimami. Ilhali waandishi wavivu humvalisha mpelelezi msalaba, wakatia sala mwanzoni na mwishoni, na fumbo likabaki lile lile la polisi.

Ellis Peters, katika A Morbid Taste for Bones ya mwaka 1977, aliwafuata watawa wa Shrewsbury wanaokwenda Wales kuchukua mifupa ya Mtakatifu Winifred, tukio la kweli la karne ya 12, akatia kifo cha kubuni pale ambapo historia ilinyamaza. Kiswahili nacho kilikwisha kuonyesha uwezo: Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alimpeleka Bwana Msa kuchunguza mauaji penye mzimu, mahali pa matambiko.

Turkana nayo haina upungufu wa mambo ya kuandika. Jomo Kenyatta na wenzake, waliohukumiwa na serikali ya kikoloni huko Kapenguria mwaka 1953, walifungwa katika jela ya Lokitaung, huko huko Turkana, kabla ya Kenyatta kuhamishiwa Lodwar mwaka 1959, na miongoni mwao alikuwamo Bildad Kaggia, aliyekuwa ameanzisha kanisa lake nje ya mamlaka ya wamishonari. Mwaka 1958 barua ya wafungwa ilipenya kutoka jela hiyo ya jangwani ikachapishwa katika gazeti la Observer la London. Mwaka huo huo Rawson Macharia, shahidi mkuu wa serikali, alikula kiapo kwamba ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa wa uongo na wa kununuliwa, na mahakama, badala ya kuifungua upya kesi ya Kenyatta, ikamfunga Macharia. Mtu aliyeubeba uongo kwa miaka kadhaa kisha akauungama hadharani, akajua utamgharimu, angemfaa Father Brown kuliko wezi wote wa London. Na njaa ilipoifungulia milango wilaya ya Turkana kwa wamishonari, mnamo 1961, padri alikutana huko na emuron, mwaguzi wa Kiturkana asomaye matumbo ya mbuzi, wasomaji wawili wa ishara katika nchi moja.

Waandishi wa leo hawakukaa chini kuisikiliza historia hiyo. Wameharakia maiti ya ukurasa wa kwanza na bastola ya ukurasa wa mwisho. Wazee walioijua Lokitaung ya miaka hiyo wanazidi kupungua, na atakayekuja baada yao atakuwa na tarehe na hukumu, lakini hatapata wa kumwambia ni mlinzi yupi alisali na wafungwa, nani alisafiri siku barua ilipotoka, wala nani alikuwa na sababu ya kunyamaza.