"Tangu" na "Hadi": Uhakiki wa Hesabu ya Siku katika Programu za Kompyuta

Tangu tarehe 8 hadi tarehe 12 Julai 2024 ni siku ngapi? Msemaji wa Kiswahili aghalabu atajibu tano, kwa kuwa "tangu" na "hadi" hukumbatia ncha zote mbili. Python, ikitoa tarehe ya kwanza katika ya pili, hujibu nne. Java nayo hujibu nne, kwani huiacha siku ya mwisho nje ya hesabu. Katika Excel, kutoa tarehe huleta nne, ilhali fomula ya NETWORKDAYS, inayohesabu siku za kazi, huleta tano, maana siku hizo ni Jumatatu hadi Ijumaa. Majibu yote ni sahihi. Makala haya yanadai kwamba kasoro imo katika tafsiri: maswali mawili tofauti hupewa jibu lenye neno moja tu, "siku".

Utata huu haukuanzia kwenye kompyuta. Kwa Kifaransa, juma moja huitwa siku nane, na majuma mawili siku kumi na tano. Kwa Kirundi, "ejo" ni jana na pia ni kesho. Kitenzi ndicho kinachoonyesha upande, jambo ambalo programu hulionyesha kwa alama ya kutoa. Mkazi wa Musaga, jijini Bujumbura, anaweza kuzitumia lugha zote tatu kwa siku moja. Tarakimu tupu haimwambii amehesabiwa kwa kanuni ipi.

Musaga ndiko liliko gereza kuu la Mpimba, na hapo uzito wa siku moja hauhitaji kuelezwa. Tuchukue mfano wa kubuni wa kifungo cha siku 30 kinachoanza tarehe 1 Juni. Siku ya kuingia ikihesabiwa, siku ya mwisho ni tarehe 30 Juni. Programu ikijumlisha 30 kwenye tarehe ya kwanza, itatoa tarehe 1 Julai, na Sikukuu ya Uhuru wa Burundi itamkuta mfungwa ndani. Mwamuzi ni sheria. Programu haina budi kuifuata.

Watetezi wa hesabu ya programu wana hoja nzito. Vipindi vya tarehe 8 hadi 10 na 10 hadi 12 vikijumlishwa kwa kanuni yao huleta nne, sawa na kipindi kizima. Ncha zote zikihesabiwa, tatu na tatu huwa sita badala ya tano, kwa kuwa tarehe 10 imehesabiwa mara mbili.

Kwa hiyo hatupendekezi kanuni hiyo ibadilishwe. Tunapendekeza mfasiri atumie uwezo ambao Kiswahili tayari kinao: "zimepita siku nne" kwa tofauti ya tarehe, na "jumla ya siku tano, ya kwanza na ya mwisho zikiwemo" kwa kipindi kizima. Maneno hayo machache yatamwezesha msomaji kujua alichohesabiwa, na kukipinga inapobidi.