Ngando chini ya rundo

Bandugu, juzi hapa Lubumbashi, kwa mzee mmoja mwenye kuuza vitabu vya zamani, nilipata Ngando ya Paul Lomami Tshibamba, chapa ya Bruxelles ya 1948. Jalada hakuna. Kilikuwa chini kabisa ya rundo, pamoja na karatasi za kufungia karanga. Juu yake vitabu vya wakoloni, bei kali.

Wengi wanakisoma kama hadithi ya kienyeji tu: mtoto anatoroka masomo, anaenda mtoni, mamba aliyetumwa na mchawi anamkamata. Mi nakataa. Mwandishi ni yule aliyeuliza katika La Voix du Congolais, 1945, nafasi yetu itakuwa gani katika dunia ya kesho, na wakubwa wakamsumbua sana juu ya swali lile. Baba anayemtafuta mtoto wake, kwangu, anauliza lilelile. Kasoro iko: mara nyingine anaeleza desturi kama vile anaongea na mgeni. Lakini woga wa mzazi anaujua.

Mzee aliomba franka 3.000. Nililipa bila kubishana, haya ikanishika. Sisi wenye diploma, ni nani kati yetu alishakisoma?