Msonge wa Mama na Mwaka 1863

Tangu nistaafu nimeisoma mara kadhaa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kila nikiisoma nakwama katika mwaka mmoja: 1863. Jengo lililosimamishwa kabla ya hapo linalindwa lenyewe. Lililojengwa baadaye sharti lisubiri kutangazwa na Waziri. Aliyeuchagua mwaka huo, nadhani, alikuwa akiitazama pwani, Kilwa na Kaole na misikiti yake ya matumbawe. Huku milimani hakutupia jicho.

Hebu msomaji apige hesabu. Utawala wa Wajerumani ulianza 1885. Kituo chao cha utafiti cha Amani kikafunguliwa 1902. Basi nyumba zao zote, za Amani na za Lushoto waliyoiita Wilhelmstal, ni changa mno mbele ya sheria. Na msonge wa Msambaa je? Nyumba ya fito, udongo na nyasi huezekwa upya, hukandikwa upya, hata hujengwa upya yote, kwa mikono mipya na ufundi uleule. Hiyo haitafikia umri huo kamwe.

Ndiyo maana mimi huzitegemea zaidi sheria ndogo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kuzitunga, ilimradi mkutano mkuu wa kijiji uitwe kwanza utoe maoni, kisha wilaya iidhinishe. Uwezo huo tunautumia kwa mbuzi wanaozurura na kwa vyanzo vya maji. Kwa nyumba, sijaona.

Walakini nimewahi kuhudhuria mkutano wa namna hiyo katika kijiji nisichokitaja. Ilisomwa rasimu ya usafi wa makazi, mbio mbio, kwa Kiswahili cha mahakamani. Bibi mmoja akauliza kwa Kisambaa kama jiko lake la nyasi nalo ni uchafu. Watu wakacheka. Jibu hakupewa, mikono ikanyooshwa, na muhtasari ukaandikwa kwamba wananchi wameafiki. Mimi mwalimu wa zamani ningempa huyo katibu sifuri, maana swali la bibi ndilo lililokuwa swali pekee la maana siku ile.

Wala tusidhani kwamba sheria hushikilia ukuta. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, na uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la 1883, ilianguka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jumba la mfalme limefikwa na hayo, faini itamsaidia nini mjane asiyeweza kununua hata mzigo wa nyasi? Faini naikataa kabisa. Kama kijiji kinautaka msonge wake, sheria ndogo ikifunge kijiji chenyewe: nyasi zikatwe kwa msaragambo, mwenye nyumba aulizwe kwanza, na akitaka bati aachiwe bati lake.

Nayasema haya kwa haya kidogo. Miaka ya sabini, wakati wa kampeni ya nyumba bora, nilisimama mbele ya wanafunzi nikawaambia kwamba nyumba ya nyasi ni dalili ya ujinga. Mwaka 1976 nikaubomoa msonge wa mama yangu mwenyewe, nikamjengea nyumba ya pembe nne na bati. Sikumwuliza. Alihamia bila neno, ila usiku wa baridi alikuwa akirudi kulala jikoni, penye moto, na mvua ikinyesha alisema bati linamzuia kusikia watu.

Mkutano mkuu ujao nitaomba nafasi ya kusema. Kabla ya hapo nimewatafuta wazee wanaojua bado kufunga fito za msonge. Nimewapata wawili, na mmoja macho yamekwisha.