Kuiga na Kujipata: Miaka ya Mwanzo ya Ray Charles

Wahakiki wengi wa muziki wa R&B wa Marekani huigawa kazi ya awali ya Ray Charles mafungu mawili. Fungu la kwanza, kuanzia mwaka 1949 hadi 1953, huitwa miaka ya kuiga: kijana anaimba kwa sauti ya Nat King Cole na ya Charles Brown, na msikilizaji hajui yeye mwenyewe ni nani. Fungu la pili huanza mwishoni mwa mwaka 1954 anaporekodi wimbo "I Got a Woman", na hapo husemwa kwamba hatimaye amejipata. Fungu la kwanza husomwa mbiombio kama dibaji. La pili ndilo huhesabiwa kuwa kitabu chenyewe. Hata methali yetu inaelekea kuwaunga mkono wahakiki hao: mwiga tembo hupasuka msamba.

Makala haya yanaupinga mgawanyo huo. Hoja yangu ni mbili. Kwanza, kuiga kwa Ray Charles kulikuwa chuo chake, na alichojifunza humo hakukitupa alipobadili mtindo. Pili, wimbo unaosifiwa kuwa mwanzo wa upekee wake una uazimaji mkubwa kuliko nyimbo zote za awali. Ikiwa hoja hii ya pili ni kweli, basi kipimo cha "ameiga" au "hakuiga" hakitoshi kuhukumu kazi ya msanii, na sisi wanafunzi wa fasihi tunapaswa kutafuta kipimo kingine.

Tuanze na malezi yake, kwa kifupi. Ray Charles Robinson alizaliwa Albany, katika jimbo la Georgia, tarehe 23 Septemba 1930, akalelewa na mama maskini katika mji mdogo wa Greenville, Florida. Alipotimiza miaka saba alikuwa kipofu kabisa. Alipelekwa katika shule ya viziwi na vipofu ya mji wa St. Augustine, ambako watoto weusi walitengwa na weupe, na huko akafundishwa kusoma muziki kwa nukta nundu. Jambo hili ni zito kuliko linavyochukuliwa. Mpiga piano anayeona huyatazama maandishi huku mikono yote miwili ikipiga. Asiyeona husoma kwa vidole, na vidole hivyohivyo ndivyo vya kupigia. Hana budi kusoma kipande, kukikariri, kisha ndipo akipige. Kwa hiyo tangu utotoni, kwake yeye kujifunza muziki kulikuwa kuuhifadhi wote kichwani, wa Bach na wa Mozart, kama mwanafunzi wa chuoni anavyohifadhi sura. Mtu aliyelelewa hivyo si ajabu akiweza kumhifadhi mwimbaji mzima: pumzi zake, matamshi yake na mahali anapoachia sauti.

Mama yake alifariki mwaka 1945, naye akiwa na miaka kumi na minne. Aliacha shule, akaanza kutafuta riziki kwa piano katika miji ya Jacksonville, Orlando na Tampa. Huko Tampa alipiga hata na kundi la Wazungu lililocheza muziki wa mashambani wa Kusini. Mwaka 1948 alihamia Seattle, upande wa pili wa nchi, na pamoja na mpiga gitaa Gossie McKee akaunda kundi la watu watatu: piano, gitaa na besi, bila ngoma. Huo ulikuwa muundo uleule wa kundi la Nat King Cole. Katika tawasifu yake, Brother Ray, iliyochapishwa mwaka 1978, Ray Charles hafichi kwamba alimwiga Cole kwa makusudi, na kwamba kuiga huko kulimpatia kazi. Wenye kumbi walitaka kumsikia Cole. Cole mwenyewe hawakuweza kumlipa. Huyu kijana wangeweza.

Sasa tusikilize. Katika "Confession Blues" ya mwaka 1949 sauti ni laini, iko karibu na maikrofoni, na kila neno linatamkwa kwa ukamilifu. Hakuna ukelele, hakuna mkwaruzo. Huzuni inatajwa lakini haiachwi iipasue sauti. Katika "Baby, Let Me Hold Your Hand" ya mwaka 1951, Charles Brown anasikika zaidi: bluzi ya usiku, ya taratibu, ya mtu anayebembeleza. Na umma haukuzikataa nyimbo hizi. Ya kwanza ilifika nafasi ya pili katika orodha ya jarida la Billboard ya nyimbo za watu weusi, ambayo mwaka huohuo ndipo ilipoanza kuitwa "rhythm and blues". Ya pili ilifika nafasi ya tano. Tembo ameigwa, na msamba haujapasuka.

Hata hivyo, kuna kasoro, na mhakiki asiifiche. Nyimbo hizi hazina ulazima. Ukizisikiliza unakubali kwamba zimeimbwa vizuri, lakini huhisi kwamba maneno hayo yalipaswa kusemwa na mtu huyu na si mwingine. Upole wa Cole ulikuwa na maana kwa Cole: mtu mweusi akiimba kwa utulivu mbele ya hadhira iliyozoea kumdharau alikuwa akidai heshima. Ray Charles aliuchukua upole huo bila kuuchukua mgogoro uliouzaa. Kwa maneno ya darasani, aliazima fani akaliacha dhamira. Tatizo la miaka hii, basi, si kwamba aliiga. Ni kwamba kilichoigwa hakikupewa kazi mpya ya kufanya.

Mwaka 1952 kampuni ya Atlantic ilinunua mkataba wake, na miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya majaribio. Alirekodi "Mess Around", wimbo wa kuchangamsha uliotungwa na Ahmet Ertegun, mmoja wa wenye kampuni. Lakini naona tukio kubwa la kipindi hicho halikutokea katika wimbo wake mwenyewe. Mwaka 1953, huko New Orleans, aliupanga muziki na kupiga piano katika "The Things That I Used to Do" ya Guitar Slim, mwimbaji ambaye sauti yake ilipanda na kuraruka kama ya mhubiri. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza mwaka uliofuata. Yule aliyezoea kujificha ndani ya sauti ya mwingine, safari hii alikuwa nje, akiitengenezea njia sauti isiyotaka kufichwa, na kuona jinsi hadhira inavyoipokea.

Novemba 1954, katika studio ya kituo cha redio mjini Atlanta, alirekodi "I Got a Woman" akiwa na bendi yake mwenyewe. Chanzo chake kinajulikana. Akiwa safarini kwa gari pamoja na Renald Richard, mpiga tarumbeta wa bendi yake, walisikia redioni wimbo wa injili wa kundi la Southern Tones uitwao "It Must Be Jesus". Waliyachukua mahadhi yake na mwendo wake, wakaweka maneno mengine. Alipokuwa Yesu, pakawa na mwanamke. Mwaka 1955 wimbo huo ulikuwa nambari moja katika orodha ya R&B.

Hapa ndipo mgawanyo wa wahakiki unapoanguka. Kutoka kwa Cole, Ray Charles aliazima namna ya kuimba tu. Kutoka kwa Southern Tones aliazima karibu wimbo mzima. Kama kuazima ni dosari, basi kazi hii ina dosari kubwa kuliko "Confession Blues". Lakini hakuna anayeisikia hivyo, na sababu ni kwamba safari hii kilichoazimwa kimefanya kazi. Wimbo wa injili ulikuwa na mantiki yake: nina shida, yupo anayenisaidia, namsifu. Mantiki hiyo haikuvunjwa, ilihamishwa. Mwanamke wa wimbo huu naye ni msaidizi wakati wa shida, humpa fedha mpenzi wake anapokwama. Sifa za kanisani zinapomwangukia mtu wa kawaida wa mtaani, msikilizaji anasikia mambo mawili kwa pamoja: furaha ya mapenzi, na mwangwi wa ibada aliyoijua tangu utotoni. Huo ni mwingilianomatini wenye uhai.

Mafanikio ya fani hayapaswi kutuziba masikio kuhusu maudhui. Mwanamke anayesifiwa hapa anasifiwa kwa kutoa, kwa kutolalamika na kwa kujua kwamba mahali pake ni nyumbani. Yesu wa wimbo wa asili anasifiwa kama mwenye uwezo. Mwanamke aliyekikalia kiti chake anasifiwa kama mwenye utii. Sifa zimepanda hadi mbinguni, lakini hadhi haikupanda nazo. Mhakiki anayeshangilia muungano wa kanisa na ukumbi wa dansi bila kuliona hili amesikiliza nusu ya wimbo.

Wako pia waliopinga muungano wenyewe. Waumini wengi waliona utakatifu umechafuliwa, na Big Bill Broonzy, mwimbaji mkongwe wa bluzi, alilalamika kwamba kijana huyu anachanganya bluzi na nyimbo za kiroho, na kwamba sauti ya namna hiyo mahali pake ni kanisani. Pingamizi hili si la kupuuzwa, maana latoka kwa watu walioujua muziki huo kwa ndani. Lakini mpaka walioulinda ulikwisha kuvukwa zamani, tena kutoka upande wa pili: Thomas Dorsey, anayeitwa baba wa muziki wa injili wa watu weusi, alikuwa mpiga bluzi kabla ya kuupeleka ufundi huo kanisani Chicago. Kanisa liliazima kwanza.

Hata hivyo, pingamizi hilo linatusaidia kutofautisha uazimaji na uazimaji. Mwaka 1955 Ray Charles alitoa "This Little Girl of Mine", ambao msingi wake ni wimbo wa dini unaoimba juu ya nuru ndogo ya muumini. Hapa naona walalamikaji wana hoja. Nuru katika wimbo wa asili ni wajibu: mtu anaapa kuiangaza. Katika wimbo mpya wajibu umegeuka majivuno ya kumiliki. Neno moja limetolewa, jingine limetiwa, na kati yake hakuna daraja. Mtu yuleyule, mbinu ileile. Wimbo mmoja umesimama, mwingine umeegemea.

Na Cole alikwenda wapi? Hakwenda popote. Sikiliza "Drown in My Own Tears" ya mwaka 1956. Mwendo ni wa polepole kiasi kwamba mwimbaji dhaifu angeujaza kelele. Ray Charles anasubiri. Neno linatamkwa lote, kimya kinaachwa, kisha ndipo kilio kinatoka. Kilio ni cha kanisa la Kibaptisti la Greenville. Subira, nadhani, ni ya yule kijana wa Seattle aliyekariri pumzi za mwingine. Bila miaka ile angekuwa mpiga kelele mzuri, na Marekani ilikuwa nao wengi.

Suala hili linatugusa sisi tunaosoma Kiswahili Uganda na katika nchi nyingine ambako wengi wetu hatukukizaliwa nacho. Shairi la mwanafunzi likirudi limeandikwa pembeni "unamwiga Shaaban Robert", hukumu inaonekana imekwisha kutolewa. Haijatolewa. Kujifunza lugha ya pili ni kuiga tangu salamu ya kwanza, na anayekatazwa kuiga amekatazwa kujifunza. Swali la haki kwa mwalimu kuuliza, na kwa mwanafunzi kujiuliza, ni hili: ulichokichukua umekipa kazi gani? Mwanafunzi akichukua vina na mizani vya Mrima akaviandikia tena mawaidha yaleyale, yuko bado Seattle. Akivitia kilio cha matanga ya kwao, au majibizano ya wavunaji aliyoyasikia kwa lugha ya mama yake, huenda akatunga kitu ambacho Kiswahili hakikuwa nacho. Wahenga hawakusema juu ya tembo tu. Walisema pia kwamba mcheza kwao hutuzwa. Lakini kwanza sharti awe amejifunza kucheza, na miguu ya kujifunzia huazimwa.